Kipimajoto cha Nyama kwa Anayeanza Kupika Kitimoto Nyumbani: Tathmini ya Miezi Saba

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekula nyama ya nguruwe bila kuipika hata siku moja. Hapa Mbeya, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, kitimoto ni chakula cha kuagiza: unafika, unataja kilo unazotaka, unasema kama ni kavu au rosti, unaongeza ndizi na kachumbari, kisha unasubiri sinia. Nimelelewa katika nyumba ya Kisabato, kwa hiyo mdudu, kama wengi wanavyomwita nguruwe, hakuwahi kuingia katika sufuria za mama yangu, na nilipoanza kujitegemea nilikuwa najua kupika kuku, maharage na samaki, lakini katika nyama hii sikuwa na mtu wa kumwiga. Mwanzoni mwa mwaka niliamua kujifunza. Mwezi mmoja baadaye, nikiwa nimekwisha kuharibu kilo nne hivi, nilinunua kipimajoto cha nyama, na ndicho ninachokitathmini hapa kwa faida ya mtu anayeanzia pale nilipoanzia.

Kilo nne hizo ziliharibiwa na woga. Karibu kila mtu huku kwetu amesikia kwamba nguruwe asiyeiva ana tegu, yaani mnyoo wa utumboni, na kwamba tegu huleta kifafa, na mpishi mwenye hofu hiyo haipiki nyama bali anaiadhibu. Paja la kwanza nililichemsha saa tatu mpaka likawa nyuzi za katani zilizolowa maji, na vipande vya mara ya pili nilivikaanga mpaka mgeni wangu mmoja akaomba kijiti cha meno kabla hajamaliza tonge la kwanza. Kila nilipotaka kuepua nilikata kipande kukitazama, nikaona wekundu kidogo karibu na mfupa, nikairudisha nyama motoni kwa nusu saa nyingine. Rangi ndiyo iliyokuwa ikinipotosha, kwa sababu nyama ya nguruwe huweza kubaki na wekundu hafifu ingawa imekwisha kuiva, na huweza pia kupauka vizuri kwa nje wakati katikati bado iko mbichi.

Chombo chenyewe ni cha kawaida kabisa: sindano ya chuma kisichoshika kutu yenye urefu wa sentimita 12 hivi, kichwa cha plastiki chenye kioo kidogo na vitufe vitatu, na betri ya kifungo kama ile ya saa ya mkononi. Boksi linasema kinapima kuanzia nyuzi 50 chini ya sifuri hadi nyuzi 300 za Selsiasi. Nilikiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam kwa shilingi 22,000, nikalipia na nauli ya mzigo, na kikaletwa kwa basi kikiwa kimeviringishwa kwa gazeti. Ndani ya boksi hamkuwa na karatasi ya maelezo wala ya dhamana, na muuzaji nilipomwuliza namna ya kukihakiki alinijibu kwamba kinafanya kazi, akanishukuru kwa kununua.

Nilikihakiki mwenyewe, na nusura nikirudishe. Njia ya kwanza ni barafu: unasagasaga barafu, unaijaza kwenye kikombe, unaongeza maji kidogo ya kujaza nafasi zilizobaki, unatumbukiza sindano bila kugusa kikombe, na kioo kinapaswa kusoma sifuri. Changu kilisoma 1, jambo ambalo niliona linavumilika. Njia ya pili ni maji yanayochemka, ambayo tangu shule ya msingi tulifundishwa kwamba huchemka kwa nyuzi 100. Sufuria ikatokota, mfuniko ukacheza, nikazamisha sindano, na kioo kikapanda mpaka 95 kikagoma hapo. Nilisubiri dakika tano nzima nikiongeza gesi, na namba haikusogea. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumwandikia muuzaji ujumbe mkali ndipo nikakumbuka kwamba nyuzi 100 ni za watu wa pwani. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 unazopanda, maji hupunguza karibu nyuzi moja katika kiwango chake cha kuchemka, kwa hiyo hapa kwetu yanatokota yakiwa na nyuzi 94 hivi. Chombo changu kilikuwa kimezidisha nyuzi moja kwenye maji ya moto kama kilivyozidisha kwenye barafu, na chombo kinachokosea kwa kiasi kilekile kila mara ni chombo kinachofaa, mradi mwenyewe unajua cha kutoa. Msomaji wa Arusha ategemee nyuzi 95 na ushei, na wa Moshi mjini 97 hivi.

Jambo hilo lilinieleza pia kwa nini maelekezo ya mapishi niliyokuwa nikiyafuata, ambayo bila shaka yaliandikwa na watu wa nchi tambarare, yalikuwa yakinidanganya kuhusu muda. Nyama inayochemshwa Mbeya haiwezi kupita nyuzi 94 hata ukiikokea moto wa kuni wa msibani, na kwa sehemu ngumu za nguruwe tofauti hiyo ya nyuzi sita unaweza kuiona kwenye saa ya ukutani.

Sasa nieleze namba, kwa kuwa ndizo mtu anazozinunua anaponunua kifaa hiki. Hadi mwaka 2011, Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa ikiwashauri wapishi wa nyumbani wafikishe nyama ya nguruwe nyuzi 71. Mwaka huo iliteremsha kiwango hadi nyuzi 63 kwa vipande vizima, kwa sharti kwamba nyama ipumzike dakika tatu baada ya kuepuliwa kabla ya kukatwa, huku nyama ya kusaga ikibaki kwenye 71. Kisayansi namba hizo ni sahihi, lakini mimi sisimami kwenye 63, na simshauri mwanafunzi mwenzangu asimame hapo. Ushauri huo umeandikiwa watu ambao nguruwe wao wengi hufugwa ndani na kukaguliwa machinjioni. Nyanda zetu za juu kusini, hasa Mbeya na Mbozi, zimetafitiwa kwa miaka mingi kwa sababu tegu la nguruwe bado lipo, na lipo kwa sababu wanyama wengi wa vijijini huachwa wazurure na kula kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo kila kipande kinachopikwa jikoni kwangu kinapita nyuzi 71 katikati, na paja naliepua kwenye 72 ili lipande lenyewe hadi 75 au 76 likiwa limefunikwa mezani. Ndiyo, nyama huendelea kupanda joto baada ya kutoka motoni, na hilo ni jambo ambalo bila kipimajoto nisingeliamini.

Hapa niweke sawa lile la kifafa, kwa kuwa hata watu wazima waliosoma huliweka kichwa chini miguu juu. Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu isiyoiva hupata mnyoo wenyewe, unaoishi utumbo mwembamba. Kifafa hutokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na kufika mdomoni kwa mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi, kisha mabuu yake yakaenda kujenga vifuko kwenye ubongo. Maana yake ni kwamba mtu asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuupata ugonjwa huo kwa kachumbari iliyokatwa na mikono michafu. Kipimajoto hakina la kufanya hapo, sabuni ndiyo inayohusika.

Turudi jikoni. Jirani yangu ni mama mtu mzima mwenyeji wa Rungwe, ambaye amekuwa akikaanga nyama hii tangu kabla sijazaliwa. Jumapili moja aliingia akanikuta nimepiga magoti mbele ya sufuria, sindano ikiwa ndani ya paja la kilo moja na nusu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nyama hiyo unaipima homa?”

Nilimweleza. Aliniacha nimalize, akachukua uma, akachoma mahali pembeni pa shimo la sindano yangu, akatazama maji yaliyotoka, akabonyeza kwa kidole kilichokwisha kuzoea moto, akasema bado robo saa. Kioo changu kilikuwa kinasoma 63. Tuliacha robo saa ipite kwa saa yake ya mkononi, tukapima tena, na kikasoma 72. Alinirudishia uma bila kusema neno, nami nikajua kwamba kile nilichokilipia shilingi 22,000 yeye anacho kwenye kidole, isipokuwa kidole hicho kilichukua miaka arobaini kujifunza na mimi nilikuwa na wageni saa nane mchana. Kwa anayeanza, thamani ya chombo iko hapo. Baada ya wiki sita za kupima nilianza na mimi kukisia kabla ya kutazama kioo, na sasa nakosea kwa nyuzi tano au sita tu.

Paja hilo lilipikwa kwa namna ambayo ningependa kila mwanafunzi aanze nayo. Nilipaka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa, nikakamulia ndimu mbili, nikaliacha usiku kucha kwenye jokofu. Asubuhi nililiweka kwenye sufuria nzito juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, nikapanga makaa juu ya mfuniko kama anayeoka keki. Kila baada ya nusu saa nilichoma sindano katikati ya sehemu nene kuliko zote. Mahali pa kuchoma ni muhimu kuliko ubora wa chombo: ukigusa mfupa au chini ya sufuria utasoma namba kubwa ya uongo, na ukiishia kwenye tabaka la mafuta utasoma kitu kisichohusu nyama. Mimi huchoma mara mbili, mahali pawili, na kuiamini namba ndogo.

Bega na mbavu ni somo jingine, na hapa ndipo woga wangu wa zamani uliponifundisha vibaya kwa upande wa pili. Nilipokwisha kuzizoea nyuzi 72 nilidhani nimepata ufunguo wa kila kitu, nikaepua bega kwenye 72, likawa salama kabisa na gumu kama mpira wa gari. Bega lina utando na mishipa mingi inayoshika misuli, na utando huo huanza kulegea taratibu kuanzia nyuzi 70 na kuendelea, ukageuka utelezi mithili ya ule wa supu ya kongoro, na unahitaji saa kadhaa ukiwa karibu na nyuzi 90. Kwa maneno mengine, paja jembamba likifika 90 limekauka, ilhali bega likiishia 72 halijaanza. Hakuna muuza bucha aliyewahi kuniambia hivyo, kwa kuwa kwenye mabucha mengi ninayonunua nyama hukatwa kwa panga bila kujali imetoka wapi, na kilo yako huja na kipande cha bega, kipande cha mbavu na ngozi ya shingo pamoja. Tangu nilipotambua, huomba nikatiwe sehemu moja, nikaongeza shilingi 1,000 panapobidi.

Huo mchanganyiko wa bucha unanileta kwenye kasoro kubwa ya kipimajoto hiki, ambayo si ya kiwanda bali ya mapishi yetu. Kimetengenezwa kwa watu wanaopika donge zima la nyama. Kitimoto kama tunavyokijua hukatwa vipande vya kutia mdomoni, vikawekwa kwenye sufuria na maji kidogo na chumvi, maji yakakauka, mafuta yake yenyewe yakatoka, na nyama ikajikaanga ndani ya mafuta hayo mpaka iwe na rangi ya kahawia. Sindano haina pa kukaa katika kipande cha sentimita tatu, kwa kuwa sehemu inayohisi joto ni ile ncha na sentimita moja hivi juu yake, na ukiwa umeinama juu ya mafuta yanayoruka, kukishika kipande kwa uma huku ukikichoma kwa mkono mwingine ni kujitafutia malengelenge. Kwa bahati nzuri vipande vya ukubwa huo vikichemka mpaka maji yakauke, kisha vikakaangwa, huwa vimepita nyuzi 71 zamani. Nilichofaidika nacho hapo ni kupima mafuta yenyewe: yakiwa kati ya nyuzi 170 na 180 nyama inapata ukavu mzuri wa nje bila kuungua, na yakishuka chini ya 150 inanyonya mafuta na kulegea. Kwa mtu ambaye hatapika chochote zaidi ya kavu na rosti ya vipande, nisingemshauri atoe fedha yake.

Kasoro za kiwanda nazo zipo. Kitufe cha kubadilisha kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti kiko pembeni kabisa pa kile cha kuwasha, na herufi inayoonyesha umo katika kipimo gani ni ndogo kama sisimizi. Siku moja nilikibonyeza bila kujua, nikachoma mbavu, nikasoma 131. Kwa mshtuko wa kuona namba kubwa hivyo niliepua haraka, nikapakua, nikamkatia mgeni kipande cha kwanza, na ndani kilikuwa chekundu kinachong’aa. Nyuzi 131 za Farenhaiti ni 55 za Selsiasi. Chakula kilirudi jikoni, wageni wakala karanga kwa dakika arobaini, na tangu siku hiyo nimebandika plasta juu ya kitufe hicho.

Kichwa cha plastiki hakivumilii moto wa mkaa. Nilikiacha kimechomekwa kwenye nyama wakati nikipanga makaa ya juu, na ukingo mmoja uliyeyuka na kujikunja, ingawa kioo kilipona. Maelezo ambayo muuzaji hakuyaweka kwenye boksi yangekuwa yameniambia kwamba aina hii ni ya kuchoma, kusoma na kutoa, wala si ya kuacha ndani. Aina inayoachwa ndani ina waya mrefu na kioo kinachokaa nje ya jiko, na bei yake niliyoiona ni karibu mara mbili. Betri ya kwanza ilidumu miezi minne, na ya pili niliipata kwa fundi saa kwa shilingi 1,500. Kinachukua sekunde nane hadi kumi kutulia kwenye namba moja, jambo ambalo si tatizo kwa paja lililotulia lakini linaudhi unapokuwa umefunua mfuniko na joto linatoroka.

Usafi wake ni rahisi, ila unahitaji nidhamu. Sindano iliyochoma nyama ikiwa bado mbichi haipaswi kurudi kwenye nyama ileile inayokaribia kuiva kabla haijafutwa kwa maji ya moto na sabuni, na kichwa hakitumbukizwi majini kabisa. Mimi huweka kikombe cha maji ya moto yenye sabuni kando ya jiko na kitambaa safi juu yake, na sindano haipiti kutoka sufuriani kwenda sufuriani bila kupitia hapo.

Kipo pia ambacho chombo hiki hakitakifanya hata kikiwa cha bei gani. Hakiwezi kuigeuza nyama mbaya kuwa nzuri. Kabla ya namba yoyote huja muhuri wa mkaguzi kwenye nyama, na huja macho ya mnunuzi: vifuko vidogo vyeupe, mfano wa punje za mchele zilizovimba, vilivyotawanyika kwenye msuli, ni sababu ya kuondoka bila kununua, hata kama muuzaji anasema ni mafuta. Mafuta ya nguruwe hukaa kwa tabaka na mistari, hayakai kama mbegu zilizopandwa. Vifuko hivyo hufa kwa joto, ni kweli, lakini nyama ya namna hiyo haikupaswa kufika buchani, na anayeinunua kwa kutegemea kipimajoto anamsaidia mchinjaji aliyemkwepa mkaguzi. Zaidi ya hapo, si kila mnyama mwenye vifuko huonekana kwa macho, na ndiyo maana nanunua penye muhuri na bado napima.

Kwa jumla nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano: nusu moja nimeitoa kwa kitufe cha Farenhaiti, nusu kwa plastiki, na nusu kwa muuzaji aliyeona gazeti linatosha kuwa maelekezo. Ningekuwa nanunua leo ningeongeza fedha nichukue chenye waya, kwa kuwa napika paja zima kila Jumapili ya mwisho wa mwezi na nimechoka kufunua mfuniko. Hiki cha sasa hakitakaa bure, hata hivyo. Wiki mbili zilizopita yule mama jirani alikiazima, nikadhani amekubali hatimaye kupima nyama. Alikirudisha jioni kikiwa kimeoshwa na kukaushwa vizuri, akaniambia kwamba kwa nyama hakimsaidii kitu, lakini maziwa yake ya mtindi hayajawahi kushika vizuri namna ile.